Komeo, Kia na Tumbuu: Majina ya Mlango Yanayotutoka Mdomoni

Kazi yetu ni mapazia. Tunashona magauni na mabaibui pia, na sare za shule msimu wake ukifika, lakini kinacholipa kodi ya chumba cha kazi hapa Unguja ni pazia, na pazia halishonwi kwa kukisia. Lazima uende nyumbani kwa mtu na tepu shingoni, upime mlango, upime dirisha, umsikilize mwenye nyumba anataka pazia lianguke mpaka wapi. Ndiyo maana sisi watoto wa Bungu, tulioshuka kutoka milimani Korogwe na kozi ya ushonaji mkononi, tumejikuta tunaijua milango ya watu vizuri kuliko tulivyotarajia.

Kuna bibi mmoja wa Mji Mkongwe alituambia, "Wanangu, pazia lisikamate kwenye tumbuu, litachanika." Msichana anayejifunza kazi kwetu akamtazama bibi tumboni. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Alipopumua akatuonyesha: kile chuma kilichopindwa kama kipete, kimepigiliwa kwenye mti wa juu wa mlango, ndipo mnyororo wa mlango unapoingizwa halafu kufuli linapita. Hicho ndicho tumbuu. Na mnyororo wenyewe je? "Riza," akasema, kama anayesema jina la mtoto wake.

Toka hapo tumekuwa tukiokota majina haya kila tunapokwenda kupima. Tumewauliza wazee wa hapa mjini, tumepiga simu kwetu Bungu, tumefungua kamusi. Na tulichokiona ni hiki: majina ya mlango hayafi yote kwa pamoja, wala hayafi kwa sababu moja. Yapo yaliyopona kwa kuhamia kwenye kifaa kipya. Yapo yaliyokufa na kifaa chake. Na yapo, haya ndiyo yanayotuuma, yaliyokufa huku kifaa chenyewe kingali kipo na kinauzwa kila siku.

Tuanze na ya zamani kabisa, ya mti.

Bungu iko juu, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, jirani na mashamba ya chai ya Dindira na Ambangulu. Baridi yake na ukungu wake mtu wa visiwani hawezi kuuamini mpaka aende. Mlango kule haukuwa wa kumvutia mpita njia. Ulikuwa wa kuzuia baridi, mnyama na mwizi, kwa mpangilio huo huo. Nyumba za udongo za utotoni mwetu zilikuwa na mlango wa mbao tatu au nne zilizounganishwa kwa mbao mbili za kukingama, na ukishaingia ndani jioni unafunga kwa kipande cha mti kinachopita nyuma ya mlango, ncha zake zikikaa ndani ya matundu ya ukutani au kwenye vishikio vya mti. Kipande hicho Kiswahili kinakiita kia. Kikiwa kizito, gogo hasa la kukingamisha, kinaitwa pingo. Kuna walioita kijiti cha mlango kiwi, neno ambalo kijana wa leo akilisikia anafikiria dawa ya viatu.

Na kuna komeo. Komeo si la kukingama ukuta kwa ukuta. Ni kipande cha mti, baadaye cha chuma, kinachoteleza kwenye mlango wenyewe na kuingia kwenye tundu la mhimili wa pembeni. Mhimili huo una jina lake: mwimo, na miwili ni miimo. Ukilitazama neno hili vizuri utaliona limezaliwa tumbo moja na "wima." Mwimo ni mti uliosimama. Mti uliolala, wa juu na wa chini, ni kizingiti. Kwa hiyo mlango mzima ni miimo miwili na vizingiti viwili, na ubao katikati. Leo tunasema "fremu" na tumemaliza kila kitu kwa neno moja. Kizingiti kimebaki kwenye taarifa ya habari tu, vizingiti vya maendeleo, vizingiti vya biashara. Mtoto wa darasa la saba anakijua cha kwenye redio, cha mlangoni kwao hakijui, na kila siku anajikwaa nacho.

Majina haya ya mti yana tabia moja: mengi yametoka kwenye kitendo. Funga limezaa ufunguo na kifungo. Pinga, kuweka kitu kikatize njia, limezaa pingo, na pingu za polisi ni ndugu zake. Komea na komeo ni kitu kimoja. Ndiyo maana tunasema kwamba jina likipotea halipotei peke yake, linaondoka na kitendo chake.

Hebu tuangalie kufunga mlango. Sisi leo tuna neno moja: funga. Bibi zetu walikuwa na ngazi nzima. Rudisha mlango: usogeze tu urudi ulikotoka, mtu bado anakuja nyuma yako. Shindika: uuegemeze uzibe, baridi isiingie, kuku wasiingie, lakini usitie chochote, anayetaka kuingia atausukuma kwa mkono. Komea: sasa tia komeo. Pinga: tia mti, hatuamki tena mpaka asubuhi. Kila neno lilikuwa linasema nani bado yuko nje na nani ana ruhusa ya kuingia bila kuuliza. Mwenye nyumba alikuwa anawasimamia watu wake kwa maneno haya akiwa jikoni, bila kunyanyuka.

Miaka michache nyuma, mpwa wetu aliyekulia mjini alikwenda Bungu likizo. Nyanya yake, aliyekuwa hawezi tena kutembea bila fimbo, akamwambia asubuhi wakati anatoka kwenda kucheza, "Shindika mlango, baridi inaingia." Mtoto mtiifu yule. Akatoka, akafunga kwa kufuli kwa nje, akaweka ufunguo mfukoni, akaenda zake. Nyanya alikaa ndani na moto jikoni mpaka adhuhuri jirani aliposikia anaita. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, na sasa inasimuliwa kwa vicheko. Lakini mtoto hakukosea adabu wala hakukosa akili. Alikosa neno.

Kinyume cha komea ni komoa, yaani toa komeo, fungua. Nani anakomoa mlango siku hizi? Tunakomoana sisi kwa sisi tu. Ukimwambia binti "nenda kakomoe mlango" atakuuliza mlango umekukosea nini.

Sasa tuje kwenye chuma, na hapa lazima tusimame baharini kwanza.

Chuma chenyewe si kigeni kwetu watu wa milimani. Jirani zetu Upareni walikuwa wakiyeyusha na kufua chuma tangu zamani, na ukoo wa Washana unajulikana kwa kazi hiyo. Majembe yao yalifika mbali. Lakini chuma cha mlango, chuma kidogo kidogo cha kupigilia na kufungia, kwa pwani kilikuja na majahazi, na kilikuja na majina yake. Msumari ni Kiarabu. Kufuli ni Kiarabu. Dirisha limetoka Uajemi. Parafujo, msumari wenye nyuzi unaozungushwa badala ya kugongwa, ni Kireno, watu waliofika pwani hii na Vasco da Gama mwaka 1498 na kutolewa Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698. Karibu miaka 200 walikaa. Watu wa pwani hawakuwapenda, historia inasema hivyo, lakini walichukua kwao meza, kasha, bweta na bomba, wakayavisha kanzu, yakawa ya nyumbani.

Tunapenda wazo hilo la kuvisha kanzu. "Parafujo" halina sura ya ugeni hata kidogo. Ungeweza kumpa mtu wa Pemba akafikiri ni jina la samaki.

Kisha ukaja wakati wa milango mikubwa. Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, na karafuu na pembe zikaleta fedha, mwenye mali alionyesha mali yake mlangoni. Husimuliwa kwamba wengine walisimamisha mlango kwanza, nyumba ikafuata. Mti ulikuwa msaji kutoka India kwa wenye nguvu, na mfenesi kwa wengine. Mlango ule una mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, na katikati, pale zinapokutana, kuna mti uliochongwa maua unaofunika uwazi. Mti huo umefungwa kwenye ubao mmoja tu, si yote miwili. Unaitwa mfaa. Wageni wanaupiga picha kila siku, na wanaouelezea wanauita "nguzo ya katikati." Si nguzo, haushikilii kitu. Ni mfaa.

Milango mingi ya namna hii ya zamani haikuwa hata na bawaba. Ubao una kijino juu na chini, vijino vinaingia kwenye matundu ya vizingiti, na mlango unazunguka humo. Bawaba zilifuata baadaye, na jina lake ukilisema haraka unasikia bawa la ndege ndani yake, jambo linalotupendeza hata kama si asili yake. Nje kulikuwa na riza na tumbuu na kufuli. Ndani kulikuwa na komeo na pingo. Yaani chuma cha baharini kilikaa upande wa barabarani, ukiwa umetoka. Mti wa kwetu ulikaa upande wa ndani, ukiwa umelala. Kwa miaka mingi mlango mmoja ulisema lugha mbili bila ugomvi.

Juu ya kizingiti cha juu wengine walichonga aya ya Qur'ani, na mbele yake ndipo panapopigwa hodi. Hodi tuliyofundishwa ni mara tatu, usipoitikiwa unarudi na huna haki ya kununa. Hapo nako kuna neno zuri: kubisha. Unabisha hodi, na unabisha mtu akisema jambo. Nani alisema kubisha ni ubaya? Ni kugonga tu, ukisubiri jibu.

Vipi maneno haya yalipanda mpaka kwetu? Kwa miguu, kwanza. Njia ya misafara kutoka Pangani ilifuata mto mpaka Korogwe na kuendelea. Vuga, mji wa mfalme Kimweri ya Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, haukuwa umejitenga na pwani. Mamlaka yake yalifika mpaka huko chini. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848 na tena 1852, na bila shaka hakuwa mtu wa kwanza kupandisha mlima akiwa na masanduku yenye kufuli. Halafu ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Baada ya reli, pakiti ya misumari ilikuwa safari ya siku, si ya mwezi. Nyumbani tulisema Kisambaa. Maneno ya Kiswahili ya mlango yalipanda mlima pamoja na vyuma vyenyewe, ndani ya gunia moja.

Krapf huyo huyo aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili, iliyochapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kwa kuwa aliishi upande wa Mombasa, Kiswahili chake kina harufu ya Kimvita. Hapa Unguja alikuwepo Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu na ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini. Mwaka 1867 alichapisha mkusanyo wa Kisambaa, lugha ya kwetu, na mwaka 1870 kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja. Inatufurahisha kwamba Kisambaa kilitangulia, hata kwa miaka mitatu. Watu hawa walikuwa na kazi yao na makusudi yao, lakini walikuwa na jambo moja jema: waliuliza jina la kila kitu. Riza, tumbuu, mfaa, yote yaliingia kwenye kamusi za zamani kwa sababu mtu alisimama mlangoni akaonyesha kidole na kuuliza, "Na hiki?"

Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, na Kiunguja kikafanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Kiunguja kilibahatika. Maneno ya Kimvita, Kipemba, Kiamu na lahaja za huku Mrima yalibaki yakisubiri mlangoni, mengine yakakaribishwa na mengine hayakusikiwa hodi yao. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1935, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ya BAKIZA ya mwaka 2010, zote tumezifungua na zote ni hazina. Padre Mfaransa Charles Sacleux naye aliandika kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1939, na yeye alijali sana kueleza neno ni la lahaja gani. Lakini neno kuwa kwenye kamusi ni kama nguo kuwa kwenye kasha. Haijachakaa, ndiyo. Haivaliwi pia.

Sasa tuseme yaliyopona.

Komeo limepona, na limepona vizuri. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uombe komeo, utapewa lile la chuma la kuteleza. Mti uliondoka, jina likahamia kwenye chuma, likalala usingizi. Kitasa kimepona, ufunguo umepona, na kwenye simu yetu "fungua" tunabonyeza kila dakika. Bawaba imepona, ingawa wapo wanaosema hinji. Njumu, ile kazi ya kupambia vitu kwa vichwa vya chuma, imepona kwa ajabu zaidi: imehamia uwanjani, kijana anaivaa miguuni akicheza mpira, na hajui kwamba ilianza mbali na kiatu.

Waliokufa na vifaa vyao ni kina riza, tumbuu, kiwi, na mfaa yuko kitandani. Hatulii sana kwa hao. Kifaa kikiondoka, jina linamfuata kama mjane, ndivyo ilivyo.

Lakini parafujo? Parafujo haikuondoka. Ipo kwenye kila kabati, kila kitasa, kila reli ya pazia tunayofunga sisi wenyewe kwa mikono yetu. Tunanunua kwa kilo. Na bado imekufa, tunasema skrubu. Kwa nini msumari ukapona na parafujo isipone? Tumefikiri sana juu ya hili tukiwa tumekaa kwenye cherehani, na jibu letu ni la kibiashara. Msumari kila mtu anaugonga: mama anatundika kalenda, mtoto anatengeneza gari la mbao. Neno linakaa nyumbani. Parafujo inazungushwa na fundi, inauzwa na mwenye duka, na pakiti yake imeandikwa Kiingereza. Aliyeiuza ndiye aliyeipa jina. Vivyo hivyo bolti na nati na spana na tawabolti: yametoka kwenye kaunta, hayakutoka kwenye kibaraza.

Na ushahidi wetu ni jikoni. Njoo jikoni uone. Mbuzi wa kukunia nazi ni mbuzi mpaka leo, hata huyu wa mashine tunaona watu wanamwita mbuzi. Kinu, mchi, upawa, ungo, kifumbu cha kuchujia tui, vyote vina majina yao. Sufuria ilikuwa ya shaba, neno lenyewe la Kiarabu linabeba rangi ya shaba, leo ni ya aluminiamu na hakuna aliyebadilisha jina. Seredani peke yake inaelekea kutushinda, watu wanasema jiko la mkaa. Kwa nini jikoni maneno yamesimama na mlangoni yameanguka? Kwa sababu mwanamke ndiye aliyenunua, ndiye aliyetumia, na ndiye aliyemtuma mtoto sokoni na jina la kitu mdomoni. Vifaa vya jikoni vilikuwa na mwenyewe. Vya mlango, tangu seremala alipoacha keekee yake ya kuzungushwa kwa uta na kushika mashine ya umeme, vimekuwa vya fundi na mwenye duka.

Na hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea, wenzetu. Mwanamke anajenga, siku hizi wengi tunajenga wenyewe, tofali kwa tofali, kwa vikoba na mchezo. Anafika kwa fundi anasema, "Nataka kile kidude cha kufungia kwa ndani." Kidude. Fundi anamletea anachotaka fundi. Tumeona mama amewekewa kitasa cha gharama kwenye mlango wa choo cha nje, pale ambapo komeo la bei ndogo lingetosha. Tumeona mlango unaofungukia nje kwenye upepo wa bahari kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusema ubao urudi wapi. Huwezi kubishana bei ya kitu usichokijua jina. Bibi zetu walikuwa hawajui kusoma na fundi alikuwa hawadanganyi mlangoni, kwa sababu walikuwa wakisema "mwimo huu umeinama," na mwimo ulikuwa umeinama kweli.

Tusisahau kwamba funguo zilikuwa zao. Zilifungwa kwenye pindo la kanga, na mlio wake ulitangulia mwenyewe. Ufunguo wa kasha, wa ghala, wa chumba cha ndani. Ukitaka kujua nani mwenye amri katika nyumba ya zamani, usitazame aliyekaa barazani, tazama pindo.

Milango yenyewe nayo inaondoka. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, mamlaka ya kuuhifadhi ipo tangu 1985, na bado mlango ni mali ya mtu, na mtu ana shida zake. Unauzwa, unang'olewa, unakwenda kuwa meza ya hoteli. Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, iliyotoka kwa Sayyid Barghash na kujulikana kwa milango yake, sehemu yake iliporomoka mchana wa tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Ukiona jengo kama lile linaanguka, unajua kwamba hakuna mlango ulioapa kubaki. Kijana mmoja seremala tunayemfungia mapazia anatengeneza milango mipya kwa mtindo wa zamani, kazi safi kabisa, mkono wake una baraka. Tulipomuuliza mti wa katikati anauitaje kwenye hesabu zake, alitufungulia daftari. Ameandika "cha kati, kimoja." Tukamwambia mfaa. Akauliza unaandikwaje. Sasa anaandika, na mteja akiuliza ni nini, anaeleza, na tunasikia bei ya mfaa imepanda kidogo kuliko ilivyokuwa ya cha kati.

Kwenye chumba chetu cha kazi daftari la vipimo limebadilika pia. Hatuandiki tena "upande wa kulia" na "juu." Tunaandika mwimo wa kulia, mwimo wa kushoto, kizingiti cha juu mpaka cha chini. Ni fupi zaidi na fundi wa reli akisoma hakosei, maana "juu" inaweza kuwa dari, inaweza kuwa ukuta, lakini kizingiti cha juu ni kimoja tu. Yule msichana wetu wa tumbuu ndiye mkali kuliko sisi sote, akikuta "fremu" kwenye daftari anaifuta.

Mwaka jana tulimtengenezea mama mlango mpya kule Bungu. Fundi tulimtoa Korogwe mjini. Mama akamwagiza kwa simu maneno mawili tu: komeo na kia. Fundi akaja na tawabolti mbili zinazong'aa, akazifunga moja juu na moja chini, akasema, "Mama, hii ndiyo ya kisasa, hayo mengine yalikuwa ya msituni." Mama hakubisha. Alimpa chai, akampa viazi, akamlipa. Fundi alipoondoka akamwita kijana wa jirani, akatoboa matundu mawili kwenye miimo ya pembeni, akapitisha kipande cha mti wa mkaratusi alichokwisha kukikausha juu ya moto tangu mwezi uliopita. Tawabolti ya juu haifikii, mkono wake haunyooki siku hizi. Ya chini inamtaka ainame. Kia kiko usawa wa kiuno, na usiku ndicho anachotia.